‘Zisipochukuliwa’ na ‘Zisingechukuliwa’: Uhakiki wa Lugha ya Modeli za Kihisabati katika Kiswahili cha Sera

Ikisiri

Modeli za kihisabati na za kitakwimu zimekuwa chombo cha kawaida cha kuongozea maamuzi kuhusu mifumo changamano kama vile maradhi ya mlipuko na mvua za msimu. Makala hii inahakiki namna matokeo ya modeli hizo yanavyoelezwa kwa Kiswahili mbele ya watunga sera na umma. Kwa kuchambua makisio ya Ebola ya Septemba 2014, mradi wa Google Flu Trends na taarifa za mwelekeo wa mvua katika Pembe ya Afrika, inabainishwa kwamba upotoshaji mkubwa aghalabu hautokei kwenye hesabu bali kwenye kitenzi: kauli yenye sharti hugeuzwa kuwa kauli ya wakati ujao isiyo na sharti. Makala inaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi na za kimsamiati za kuepuka upotoshaji huo, na inapendekeza utaratibu wa kuzitumia.

1.0 Utangulizi

Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kubainisha nafasi ya mbu katika uenezaji wa malaria, alitumwa Mauritius mwaka 1907 kuchunguza ugonjwa huo. Ripoti yake ya mwaka 1908, na kitabu chake kuhusu kinga ya malaria kilichofuata, vilikuwa na jambo ambalo madaktari wengi wa wakati huo hawakulizoea: milinganyo. Wapinzani wake walishikilia kwamba mbu hawawezi kumalizwa, na kwa hiyo kupambana nao ni kazi bure. Ross alijibu kwa hesabu kwamba si lazima mbu wote wamalizwe. Upo kizingiti, na idadi ya mbu ikishuka chini ya kizingiti hicho malaria itapungua yenyewe hadi itoweke.

Uzito wa hoja ya Ross haukuwa katika tarakimu alizozipata. Ulikuwa katika umbo la sentensi yake. Hakusema malaria itatoweka. Alisema itatoweka mbu wakipungua chini ya kiwango fulani. Kiambishi -ki- katika ‘wakipungua’ ndicho kinachobeba sayansi yote ya kauli hiyo. Kikiondolewa, kinachobaki ni ahadi.

Zaidi ya karne moja baadaye, modeli zimeenea katika takriban kila taaluma, kuanzia biolojia ya idadi ya viumbe hadi uchumi na tabianchi. Wakati huohuo Kiswahili kimepanua eneo lake la matumizi rasmi. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa namna hiyo mwaka 2022. Kwa hali hiyo, muhtasari wa sera unaotokana na modeli utazidi kuandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili, na utasomwa na maofisa ambao hawataona milinganyo yenyewe. Watakachokiona ni sentensi. Swali la makala hii ni kama sentensi hizo zinahifadhi kile ambacho modeli ilisema.

2.0 Maneno manne na mzigo wa kila moja

Katika taarifa nyingi za Kiswahili, neno ‘utabiri’ hutumika kwa kila kauli inayotoka kwenye modeli. Hesabu ya wagonjwa waliopo sasa lakini hawajaripotiwa huitwa utabiri. Hesabu ya mvua ya kesho huitwa utabiri. Hesabu ya joto la dunia mwishoni mwa karne, kwa kuchukulia kiwango fulani cha gesijoto, nayo huitwa utabiri. Kisayansi, haya ni mambo matatu tofauti, na kila moja hupimwa kwa kipimo chake.

Neno lenyewe lina historia inayofaa kukumbukwa. ‘Tabiri’ limetokana na Kiarabu, ambako asili yake inahusiana na kufasiri ndoto. Mtabiri wa kale hakuwa lazima mtu anayejua yajayo. Alikuwa mfasiri wa ishara. Maana hiyo ya zamani, ajabu ni kwamba, iko karibu zaidi na kazi ya mwanamodeli kuliko maana ya leo, inayomkaribisha msomaji kudhani kuna mtu aliyeuona mwaka ujao kabla haujafika.

Msamiati wa Kiswahili una maneno mengine yanayoweza kugawana mzigo huu. ‘Makadirio’ yanafaa kwa kiasi kilichopo lakini hakijulikani kwa ukamilifu, kama idadi ya samaki katika Ziwa Victoria au wagonjwa waliobaki majumbani. ‘Makisio’ yanafaa kwa kauli yenye sharti: kisio hutolewa kwa kulinganisha hali na hali, nalo huomba litajiwe msingi wake. ‘Utabiri’ ubaki kwa kauli inayosema jambo litakalotokea kwa jinsi mambo yote yanavyofahamika sasa, pamoja na hatua zinazojulikana kuwa zitachukuliwa. ‘Mwelekeo’, ambalo ni neno la Kibantu na halidai zaidi ya upande mambo yanakotazama, linafaa kwa kauli za uwezekano kuhusu msimu mzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulitumia neno hilo kwa taarifa zake za msimu, na chaguo hilo linastahili kuigwa.

Mgawanyo huu hauna maana ikiwa utaishia kwenye faharasa. Istilahi hulindwa na sentensi inayoizunguka, na hapo ndipo mifano ifuatayo inapohusika.

3.0 Ebola 2014: idadi iliyopoteza sharti lake

Tarehe 23 Septemba 2014, Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani (CDC) vilichapisha makisio kuhusu mlipuko wa Ebola nchini Liberia na Sierra Leone. Modeli iliyotumika ilikuwa jedwali la kompyuta lisilo na makuu. Iliwagawa watu katika makundi manne: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa ila hawajaanza kuugua, wagonjwa wanaoweza kuambukiza wengine, na waliopona au kufariki. Wagonjwa nao waligawanywa kwa mahali walipouguzwa, kwa sababu anayeuguzwa katika kituo cha matibabu huambukiza watu wachache kuliko anayeuguzwa nyumbani bila kinga na kuzikwa bila tahadhari.

Modeli ilitoa matokeo mawili makuu. La kwanza lilisema kwamba bila hatua za ziada wala mabadiliko ya mienendo ya jamii, wagonjwa wangefikia takriban 550,000 ifikapo Januari 20, 2015, au milioni 1.4 baada ya kurekebisha idadi kwa wagonjwa wasioripotiwa. La pili lilisema kwamba iwapo takriban asilimia 70 ya wagonjwa wangehudumiwa katika vituo, au katika mazingira yenye hatari ndogo ya maambukizi pamoja na mazishi salama, mlipuko ungepungua na hatimaye kwisha. Idadi iliyosambaa duniani ni milioni 1.4. Asilimia 70, ambayo ndiyo iliyomwambia mtunga sera la kufanya, ilibaki kwa wataalamu.

Mlipuko ulipokwisha, Guinea, Liberia na Sierra Leone kwa pamoja zilikuwa na wagonjwa 28,616 na vifo 11,310. Tofauti hiyo ilizua tuhuma kwamba modeli ilidanganya. Ili kuona tuhuma hiyo inasimama wapi, sentensi nne za Kiswahili zinaweza kulinganishwa:

(a) Wagonjwa watafikia milioni 1.4.
(b) Hatua za ziada zisipochukuliwa, wagonjwa watafikia milioni 1.4.
(c) Hatua za ziada zisingechukuliwa, wagonjwa wangefikia milioni 1.4.
(d) Hatua za ziada zisingalichukuliwa, wagonjwa wangalifikia milioni 1.4.

Sentensi (a) ni utabiri, nayo imekanushwa na matukio. Sentensi (b) inaliacha sharti wazi: msemaji hajui kama hatua zitachukuliwa. Katika sentensi (c) msemaji analiona sharti hilo kuwa liko mbali na uhalisia. Sentensi (d) hutamkwa baada ya tukio, nayo ni kauli ya tathmini inayouliza juhudi zilizofanywa ziliepusha nini.

Hapa Kiswahili kinamlazimisha mwandishi kufichua jambo ambalo lugha nyingine zinaweza kumruhusu alinyamazie. Ni lazima achague baina ya -sipo- na -singe-, na chaguo hilo linatangaza anavyoliona sharti lake mwenyewe. Tarehe 16 Septemba 2014, wiki moja kabla ya makisio kuchapishwa, Rais Barack Obama alikuwa ametangaza kwamba Marekani ingepeleka hadi wanajeshi 3,000 kusaidia kupambana na mlipuko huo. Takwimu zilizolishwa katika modeli zilikuwa za hadi mwishoni mwa Agosti. Kwa maneno mengine, siku makisio yalipotoka, sharti la ‘bila hatua za ziada’ lilikuwa tayari linavunjwa. Umbo la haki lilikuwa (c). Wasomaji wengi walipewa (a).

Athari ya kosa hilo haikuishia kwenye sarufi. Idadi ikitolewa kwa umbo la (a), mafanikio ya kinga huonekana kama kushindwa kwa sayansi. Waliojitolea kuzika kwa usalama, na jamii zilizobadilisha mila za maziko kwa uchungu mkubwa, hawapati nafasi katika sentensi. Mshauri wa sera atakayesikia makisio mengine miaka mitano baadaye atakumbuka kwamba waliotisha watu wakati ule ‘walikosea’. Mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo, uliofikisha wagonjwa 3,470, ulitokea katika miji kama Beni na Butembo, ambako Kiswahili kinasikika sokoni na kanisani. Katika mazingira ya namna hiyo, kuaminika kwa kauli za wataalamu kulikuwa sehemu ya tiba.

4.0 Sharti lililofichwa: Google Flu Trends

Makisio ya Ebola yalikuwa na sharti lililoandikwa na kisha kupotezwa njiani. Ipo aina nyingine ya modeli ambayo sharti lake halikuandikwa kabisa. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilianzisha huduma ya kukadiria maambukizi ya mafua kwa kuchunguza maneno ambayo watu huyatafuta mtandaoni. Modeli haikueleza virusi vinavyoenea. Ilichuja maneno yapatayo milioni 50 ya utafutaji na kubakiza yale ambayo kupanda na kushuka kwake kulilingana na takwimu za mafua za miaka iliyopita.

Mwanzoni matokeo yalisifiwa kwa kasi yake. Baadaye David Lazer na wenzake walionyesha, katika makala ya mwaka 2014, kwamba tangu Agosti 2011 modeli ilikuwa imekadiria kupita kiasi katika wiki 100 kati ya 108. Huduma hiyo ilifungwa kwa umma mwaka 2015.

Kosa hilo linaweza kusomwa kama kosa la sentensi. Huduma ilisema, kwa wakati uliopo: mafua yako kiwango hiki. Sentensi kamili ingekuwa: mafua yako kiwango hiki, watu wakiendelea kutafuta maneno yaleyale kwa sababu zilezile, na mtambo wa utafutaji ukiendelea kuwapendekezea maneno kwa njia ileile. Hakuna hata moja kati ya masharti hayo lililodumu. Habari za mafua huwafanya wenye afya wayatafute mafua, na kampuni yenyewe ilikuwa ikiboresha mtambo wake kila mara. Wingi wa data haukuwa kinga, kwa kuwa data zote zilisimama juu ya ‘-ki-’ ambayo hakuna aliyeitamka.

Onyo hili linahusu moja kwa moja mifumo ya ujifunzaji wa mashine ambayo ofisi za umma zimeanza kuletewa. Modeli inayojifunza kutokana na yaliyopita ina sharti daima, nalo ni kwamba kesho itafanana na jana kwa namna fulani. Swali la kwanza la mshauri wa sera lisiwe ‘usahihi wake ni asilimia ngapi?’ Liwe ‘inafanya kazi kama nini kikibaki vilevile?’

5.0 ‘Wastani hadi juu ya wastani’

Mfano wa tatu unagusa mashamba ya ukanda mzima. Tangu mwaka 1998, wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za Pembe Kuu ya Afrika wamekuwa wakikutana kabla ya misimu mikuu ya mvua na kutoa mwelekeo wa pamoja. Mikutano hiyo huratibiwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD. Rekodi za mvua za miaka iliyopita hugawanywa katika mafungu matatu yaliyo sawa: misimu ya mvua nyingi, ya mvua za kawaida na ya mvua haba. Kisha kila eneo hupewa uwezekano wa kuangukia katika kila fungu. Pasipokuwa na taarifa yoyote, kila fungu lingekuwa na theluthi moja.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba eneo fulani limepewa asilimia 45 kwa mvua nyingi, 35 kwa mvua za kawaida na 20 kwa mvua haba. Katika taarifa za Kiswahili za ukanda huu, mgawanyo wa namna hiyo huelezwa kwa kauli iliyozoeleka: mvua za wastani hadi juu ya wastani zinatarajiwa. Kauli hiyo si ya uongo, lakini ina mapungufu matatu.

Kwanza, imejumlisha 45 na 35 na kuitupa 20. Kwa mkulima mwenye ekari mbili na mbegu za msimu mmoja, hiyo 20 iliyotupwa ndiyo inayoamua kama atapanda mahindi peke yake au atachanganya na mtama. Pili, neno ‘wastani’ kwa msomaji wa kawaida ni namba moja, ilhali hapa ni fungu zima la misimu. Tatu, ‘zinatarajiwa’ ni kitenzi cha kutendwa kisicho na mtendaji, na ‘-tarajia’ kina harufu ya tumaini. Haijulikani nani anatarajia, wala kwa nguvu gani.

Tafsiri aminifu zaidi inawezekana bila istilahi ngumu: ‘Katika kila misimu ishirini yenye dalili kama za mwaka huu, takriban tisa itakuwa na mvua nyingi, saba itakuwa na mvua za kawaida, na minne itakuwa na mvua haba.’ Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ile iliyozoeleka, lakini inaweza kusomwa redioni. Aidha, inaheshimu hekima ambayo wasemaji wa Kiswahili wanayo tangu zamani. Methali husema dalili ya mvua ni mawingu. Haisemi kwamba mawingu ni mvua. Modeli ya msimu ni mtambo wa kusoma mawingu ya mbali, yakiwemo ya joto la Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, nayo hubaki kuwa dalili.

6.0 Sharti kama maficho

Hoja iliyojengwa hadi hapa ina hatari yake. Iwapo kila kauli ya modeli itavikwa -ki- au -nge-, mwanamodeli hatakamatika kamwe. Makisio ya milioni 1.4 hayawezi kupimwa kwa matukio, maana sharti lake halikutimia. Anayesema ‘wangefikia’ anaweza kujificha nyuma ya kiambishi hicho maisha yake yote. Urasimu wa Kiswahili nao unaipenda -nge- kupita kiasi: ‘ingefaa’, ‘ingependeza’, ‘ingeshauriwa’ ni maneno ya kukwepa wajibu. Kuongeza masharti bila kuongeza uwajibikaji ni kubadilisha kosa moja kwa jingine.

Dawa ni kudai sentensi mbili mahali pa moja. Kando ya makisio yenye sharti, iwepo kauli ya muda mfupi inayoweza kukanushwa. Wiki ileile ya Septemba 2014, timu ya Shirika la Afya Duniani ilikisia kwamba, udhibiti usipobadilika, wagonjwa wangezidi 20,000 ifikapo Novemba 2. Mwanzoni mwa Novemba idadi iliyoripotiwa ilikuwa bado chini ya 15,000. Kauli hiyo nayo ilikuwa na sharti, lakini muda wake ulikuwa mfupi kiasi cha kufundisha: baada ya wiki sita tu ilionekana kwamba jambo fulani lilikuwa limebadilika, na kwa kiasi gani. Vivyo hivyo, modeli nyingi za tabianchi zimekuwa zikionyesha kwamba masika ya Afrika Mashariki yangeongezeka, ilhali vipimo vya miongo kadhaa baada ya miaka ya 1980 vilionyesha yakipungua. Mgongano huo haufai kufichwa nyuma ya neno ‘mwelekeo’. Unapaswa kuandikwa katika muhtasari uleule wa sera.

Pingamizi la pili ni la kiisimu. Wasemaji wengi leo hawatofautishi -nge- na -ngali-, na katika aina za Kiswahili za mashariki mwa Kongo mfumo wa viambishi vya masharti haulingani kikamilifu na ule wa Kiswahili sanifu. Haitoshi, basi, kuukabidhi ukweli wote kwa silabi moja. Kiambishi sahihi kitumike, lakini sharti litajwe pia kwa maneno kamili, ikiwezekana mwanzoni mwa sentensi, ili hata msomaji asiyeisikia tofauti ya kisarufi asiikose tofauti ya maana.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukulenga kuonyesha kwamba modeli hazifai. Jedwali la mwaka 2014 lilitambua kwa usahihi aina ya hatua zinazouzima mlipuko, na hesabu ya Ross iliwapa wapiganaji wa malaria sababu ya kutokata tamaa. Kilicholengwa ni mahali ambapo modeli huingia katika lugha ya umma, kwa kuwa hapo hakuna mhakiki anayekaa zamu.

Kutokana na uchambuzi huu, yanapendekezwa mambo manne kwa wanaoandika au kutafsiri muhtasari wa sera kwa Kiswahili. Makadirio, makisio, utabiri na mwelekeo yasitumiwe kama visawe. Sharti litangulie idadi, hata katika kichwa cha habari. Uwezekano ueleze mafungu yote, likiwemo lile dogo lisilopendeza. Na kila makisio ya muda mrefu yaambatane na kauli ya muda mfupi inayoweza kupimwa na tarehe ya kuipima. Taasisi za lugha za ukanda huu, ambazo kwa miaka mingi zimeunda istilahi za sayansi neno moja moja, zina nafasi ya kuanza kusanifu pia sentensi za sayansi.

Mwanamodeli hutumia miezi kuyapima masharti yake, na mfasiri huweza kuyafuta kwa kuandika ‘watafikia’ mahali pa ‘wangefikia’. Silabi hiyo moja ikipotea, anayelaumiwa baadaye ni mwanasayansi, na anayelipa ni mgonjwa au mkulima.